Bonyeza Sifuri

Miaka ishirini na sita nilikaa chini ya ngazi,
ofisi ya mizigo, Shimanzi, mlango wa buluu,
na ile mashine ya vifungo arubaini
ikinguruma kama paka aliyeshiba.
Nyaya zake nilizijua. Ya saba ilikuwa na kutu;
ukiiunganisha wakati wa masika
utamsikia karani wa forodha akimbembeleza mke wa watu huko Tudor,
nami naondoa sikio upesi, kwa adabu,
ila si upesi sana.

Mpigaji nilimjua kwa pumzi.
Huyu anapumua juu juu: kontena lake limezuiwa.
Huyu anakohoa kwanza: hana pesa, atamtaka bosi mwenyewe.
Bwana Taibali aliniuliza kwa jicho,
nikamjibu mpigaji: yupo, hayupo, amekwenda kuswali.

Kisha akaja Ndurya,
kijana wa Rabai, viatu vyeupe,
mkononi kisanduku chepesi kuliko sahani ya mahamri.
"Mama, simu sasa zitapita kwenye intaneti."
Zitapitaje?
Akasema sauti hukatwa vipande vidogo vidogo,
kila kipande na anwani yake,
kila kimoja na njia yake,
vikaja kupangwa upya mlangoni mwa sikio.
Nikasema, kama sinia za pilau arusini basi,
zatoka jikoni ovyo ovyo, na mgeni hajui.
Akacheka. "Isipokuwa vikichelewa, Mama.
Vikichelewa, utajisikia mwenyewe."

Sauti ya kukaribisha wakataka yangu.
Tukajifungia stoo ya mafaili, mimi na Ndurya na joto.
Mara ya kwanza lori likapiga honi.
Mara ya pili adhana, tukanyamaza hadi ikaisha.
Mara ya tatu kunguru dirishani,
Ndurya akajifuta jasho, akasema, iwe basi.

Karibu. Forodha, bonyeza moja.
Maghala, bonyeza mbili.
Madai, bonyeza tatu, na uwe na subira.
(Hilo la subira niliongeza mimi, halikuandikwa.)
Ukitaka kuzungumza na mtu, bonyeza sifuri.

Mtu.
Mtu ndiye mimi.

Mwezi wa sita wakanifanyia chai,
sambusa, hotuba, saa ya ukutani.
Mashine ilibebwa na wanaume watatu,
ikaacha mraba ukutani
ambapo rangi ya zamani ilikuwa bado mpya.

Juzi, nyumbani Kisauni, nakuna nazi,
nikachukua simu ya mjukuu, nikapiga ofisini.
Sina shida. Nilitaka kusikia tu.
Nikajipokea.
Kumbe siku ile nilikuwa na mafua.
Kunguru naye yumo, baada ya tatu.
Nikangoja nimalize kusema,
si adabu kumkata mtu,
kisha nikabonyeza sifuri.

Kimya. Halafu, juu ya friji,
simu yangu ikalia.

Ndurya aliiweka programu ile nilipoumwa mguu,
nipokee watu nikiwa kitandani,
akasahau kuiondoa. Ama hakusahau.
Nikaichukua. Sikio hili simu, na hili simu.
"Haloo," nikasema,
na baada ya kitambo cha kumeza mate
haloo yangu ikafika sikio la pili
imechoka kidogo, kama iliyopitia kwa jamaa njiani.
"Nikuunganishe na nani?"
Nikaulizwa vilevile, kwa sauti ileile,
nami sikuwa na jina la kutaja.

Ndurya sijamwambia.
Jana alasiri ikalia tena:
pumzi, kikohozi.
"Bwana Msellem," nikasema, "bado hujalipa?"
Akanyamaza. Vipande vikawa vinamfikia, kimoja kimoja.
"Bi Maimuna? Wewe si ulistaafu?"
Nikamwambia ngoja, usikate,
nikapunguza moto wa mchuzi.